Utani wa Mama Kulwa

Jumatatu, 3 Machi

Kurasini, mezani tangu saa mbili. Makontena sita ya vigae, karatasi zote zipo isipokuwa moja: cheti cha asili, cha kuonyesha mzigo umetoka nchi gani. Bila hicho mzigo hautoki. Nimempigia mteja mara tatu, ya tatu nikamfokea. Bosi akanitazama, akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Sikwenda. Nyumbani ndiko kubaya zaidi.

Kichwa kimebaki kwenye mazishi ya baba juzi. Sisemi kilio. Nasema maneno ya Mama Kulwa.

Ni jirani yetu hapa Mtoni, Mnyamwezi, mtani wetu miaka yote. Jeneza linatolewa, yeye akajilaza mlangoni. "Hapiti mtu! Mrundi huyu, mnamzika Dar kwa kibali gani? Mrudisheni kwao!" Wakacheka hata waliokuwa wanalia. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Kwake sisi ni Waha wa Kasulu, karibu na mpaka wa Burundi, na Muha haachi kuitwa Mrundi.

Mie sikucheka. Mama hakucheka. Ni kweli.

Jumatano, 5 Machi

Niiandike basi, nitachana baadaye. Baba na mama walivushwa mpaka kutoka Burundi wakiwa wachanga, mgongoni kwa mama zao. Wakakulia Kasulu. Baba alipoulizwa kabila akajibu Muha, na jibu hilo ndilo tumeliishi. Mie nimezaliwa Temeke, nimesoma Temeke, nimeachika Temeke. Burundi sijawahi kukanyaga.

Niliambiwa nikiwa kidato cha nne. Nikaambiwa nifunge mdomo. Nimeufunga miaka ishirini na tano. Hata mume hakujua, na yule alikuwa mpekuzi.

Na nimeiandika. Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Mtendaji wa mtaa ni mgeni, hajamaliza miezi miwili. Alikuwepo msibani, kasimama pembeni ya turubai. Hakucheka hata kidogo. Nilidhani ni heshima.

Leo barua. Mimi na mama, Alhamisi ijayo, ofisi ya uhamiaji. Twende na vyeti vya kuzaliwa, vyetu na vya wazazi wetu. Bibi alimzaa mama shambani. Cheti kingetoka wapi?

Naogopa. Ugali umenishinda.

Jumapili, 9 Machi

Nimemfundisha mama. Umezaliwa wapi? Kasulu. Baba yako? Kasulu. Anajibu taratibu, macho chini. Mwanamke huyu alinichapa nikiwa na miaka saba kwa kudanganya kwamba sikula sukari. Sasa ana miaka sabini na namkaririsha uongo.

Kisha nikafanya lililo baya zaidi. Nikamkataza kusali kwa Kirundi. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, ila Muha halisi akisikia atajua, na kuta zetu ni nyembamba. Mama husali kwa sauti kila jioni. Akaniuliza, "Kwani Mungu naye ataitwa ofisini?" Nikamwambia asinitanie. Nimechoka na utani.

Jioni hakusali.

Jumanne, 11 Machi

Nimemuuliza mwanasheria anayetusaidia kazini. Nikasingizia ni ishu ya mteja. Mtu aliyezaliwa hapa, wazazi walikuja uchangani, afanyeje? Akasema aombe uraia wa tajnisi, ule wanaopewa wageni. Tajnisi inataka kibali cha ukaazi. Kibali kinataka pasi ya kusafiria. Pasi inatolewa na nchi yake. Nchi yake ipi, nikauliza. Akacheka, "Hapo sasa, sista!"

Nimerudi mezani na hasira. Sheria ingekuwa na mlango mmoja tu kwa watu kama sisi, ningeingia mwenyewe, mchana kweupe, na mama nimemshika mkono. Ningesema yote. Lakini nikisema leo, najitoa kazini na kumtoa mama nyumbani. Wampeleke wapi? Kule hamjui mtu. Wa kumzika hayupo.

Vigae vimetoka. Cheti cha asili kimepatikana kwa siku moja. Vigae!

Jumatano, 12 Machi

Gari limesimama nje mchana. Nikamsukuma mama chooni, nikafunga mlango, nikasimama mbele yake kama askari. Lilikuwa boza la maji.

Alitoka, akarudi kuchambua mchele wake. Nimemwomba radhi. Sijui kama alinisikia.

Alhamisi, 13 Machi

Tumerudi.

Mama Kulwa alitufuata bila kuitwa. Kavaa kitenge chake cha kanisani, kafunga meza yake ya mihogo Buguruni. Amekuwa akilia tangu alipojua barua imetokana na utani wake. Tulipoingia, akamwahi ofisa kabla hatujaketi.

"Mwanangu, mie ndo mkosaji. Ulikuwa utani wa msiba! Hawa Waha wangu, nawatania mwaka wa thelathini huu. Mie nitamlalia mlangoni mtu ambaye si mtani wangu?"

Ofisa ni kijana mpole, alimwamkia kila mmoja shikamoo. Upole wake ulinitisha zaidi. Akamwuliza mama swali moja tu, alizaliwa wapi. Mama akanitazama mimi. Kisha akasema, "Kasulu." Mama Kulwa akaapa kwa Mungu kwamba ndivyo.

Jalada halijafungwa. Tutaitwa wakituhitaji.

Njiani Mama Kulwa akatushika mikono, mmoja kila upande. "Warundi nyie, mngeniua kwa presha!" Akacheka peke yake. Nilitaka kumwambia pale pale. Ameapa juu ya kitu asichokijua, na amefanya hivyo kwa ajili yetu. Nikamuuliza bei ya mihogo. Nimemwogopa hata yeye.

Jumapili, 16 Machi

Hatujaitwa. Nimefua, nimepiga pasi nguo za kazini. Mama Kulwa kaleta mihogo, kaondoka bila kututania. Ni mara ya kwanza.

Jioni nimefunga dirisha, nikateremsha pazia, nikaongeza sauti ya redio. Nikamwambia mama sasa asali anavyojua. Hakuna atakayesikia.

Akapiga magoti. Akasali Baba Yetu kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea.