Kibao cha Shingoni

Kambi ya wakimbizi ya Lugufu, 12 Februari 2001

Baba mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje huko nyumbani Lubondja, na kifua kinakuruhusu kulala? Sisi tu wazima, Mungu anasaidia.

Nimepewa darasa la nne, nawafundisha Kifaransa. Vitabu hakuna. Nikakumbuka kile kibao chako cha mbao chenye kamba, ulichokuwa ukimvika shingoni kwa adhabu mwanafunzi aliyeponyokwa na Kiswahili au Kibembe chetu darasani. Nimechonga cha kwangu, lakini ni cha mchezo: anayekishika anamuuliza mwenzake jambo la maisha yake kwa Kifaransa, akijibiwa anakipitisha. Baba, wanakigombania! Jana msichana wa miaka tisa alitueleza nyumba yao waliyoikimbia Makobola, chumba kwa chumba, bila kukosea.

Tafadhali fungua darasa tena. Watoto wa huko wanakuhitaji.

Binti yako,
Arlette

Lubondja, 3 Aprili 2001

Binti yangu,

Marahaba. Kifua hakijambo. Barua yako imeletwa na mama Félicité, jirani yako wa kambini; akirudi, mwambie asante kwa chumvi.

Michezo? Kifaransa si mpira. Vitabu vyangu viliungua Baraka wakati wa vita, kilichopona ni kibao tu, kilikuwa mfukoni mwa koti. Nitafundisha nini? Wewe mwenyewe ulikivaa, na leo u mwalimu.

Baba yako,
Isidore

Lugufu, 20 Mei 2001

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Ndiyo, nilikivaa. Wiki tuliyomzika mama. Nilimlilia darasani kwa Kibembe, ukanivika mpaka jua likazama. Sijawahi kukuambia kwamba niliumia.

Binti yako

Lubondja, 9 Septemba 2001

Arlette, mwanangu,

Hujambo? Nisamehe kimya changu.

Nimefungua darasa, ndani ya kanisa, watoto kumi na mmoja. Nikacheza mchezo wako, nikitaka kukuonyesha kwamba haufai. Basi Rosette, mjukuu wa jirani, akashika kibao, akageuka kwangu, akaniuliza kwa Kifaransa safi ninamkumbuka nani. Miaka thelathini na tano ya ualimu, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kitu kuhusu mimi.

Nikamjibu: mke wangu. Nikataka kuendelea, kukutaja wewe, na Kifaransa chote kikanitoka. Nililia, Arlette, nikisema Kibembe mbele ya watoto.

Placide, mtundu wa darasa, akapiga makofi: "Mwalimu amesema Kibembe! Avae! Si ni sheria yake ya zamani?"

Wenzake wakamkataza. Mimi nikainama, nikamwambia Rosette anivike. Nikatembea nacho kijijini, nikapita sokoni, watu wakinitazama, mpaka jua likazama.

Ni chepesi, mwanangu. Hakifiki hata uzito wa yai. Lakini mimi ni mzee wa miaka sitini na moja, na niliona aibu ya kutaka ardhi inimeze. Wewe ulikuwa na minane, na mama yako alikuwa na siku tatu kaburini.

Nisamehe.

Kamba nimeikata. Kesho mchezo anauanza Placide, na kibao mkononi.

Baba yako