Nilimkasirikia Mtani Wangu Msibani

Jumapili. Jua limewaka tangu asubuhi, nami tangu nirudi kutoka msibani nimejifungia ndani kama mwali. Sitaki kuonana na mtu.

Nianze na tumbo, maana ndilo chanzo. Daktari aliniambia moyo wangu unaelemewa, nifanye mazoezi kila siku. Kukimbia barabarani sikuthubutu. Tangu Azimio la Arusha litangazwe, karani wa ushirika mwenye kitambi kama mimi akipita mitaa ya Tabora, vijana wanamwita kupe, mnyonya jasho la wengine. Nikataka mwalimu wa kunifundisha nyumbani, uani, mlango umefungwa.

Wa kwanza alikuwa jirani, askari mstaafu. Alinichezesha kwata na gunia la mchanga mgongoni mpaka kiuno kikakaza, mke wangu akanikanda wiki nzima. Ndipo nikatafuta mwenye ujuzi hasa, nikampata Mwalimu Kondo, aliyesomea mazoezi ya viungo chuoni. Kabla ya lolote alinishika mkono akasikiliza mapigo, akauliza daktari alisema nini. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Nilimwomba tu asimwambie mtu, akakubali.

Nilisahau jambo moja. Kondo ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakienda pwani na misafara, na mtani ana ruhusa ya kukusema lolote, msibani ndiyo kabisa.

Juzi tulimzika shemeji, mume wa dada yangu Kalunde. Leo Kondo akaja kufanya kazi ya mtani, kuwachekesha wafiwa. Alichomeka mto ndani ya shati, akapita mbele ya waombolezaji akiyumba na kuhema.

"Wanyamwezi hawa! Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu pwani, leo matumbo yenu wenyewe yanawashinda! Marehemu kakimbia mapema, kaogopa mtamwomba awabebee!"

Watu wakaangua kicheko. Dada, ambaye tangu mazishi hajainua uso, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Nami nikasimama.

"Toka hapa! Nilikuleta kwangu unifundishe mazoezi, siyo uje kunitangaza!"

Hakuwa amenitaja. Yeye siri aliitunza, niliyeitoboa ni mimi. Kondo aliutoa mto, akauweka mkekani, akaondoka. Wazee wakanitoza kuku pale pale, maana mtani hakasirikiwi. Hilo ningelivumilia. Lakini dada alikuwa ameshainama tena.

"Mdogo wangu," alisema, "ungeniacha nicheke kidogo tu."

Naona aibu. Dada huyu alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, na alipopata nafuu kidogo leo, mimi nilikuwa nalinda kitambi changu.

Mwalimu mwenye ujuzi huenda nimempoteza, na mwingine kama yeye hapa mjini simjui. Moyo unanidunda hata nikiandika. Ajabu ni kwamba si hilo linaloniuma zaidi.

Matanga hayajaanuliwa. Kesho nitampelekea Kondo kuku wake, mchana, kwa miguu, nikipita katikati ya soko. Wanaotaka kuniita kupe waniite. Nitamwomba arudi kwa dada, auvae tena ule mto, aendelee pale nilipomkatiza. Mimi nitakaa mbele kabisa, kitambi nje.

Lakini dada, je, atacheka tena?