Faili la Mguu wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi na watoto. Natumaini mu wazima, na kile kikohozi kilichomlaza kitinda mimba wenu kimeshakwisha. Sisi huku hatujambo. Mama macho yamepungua nguvu lakini ulimi uko vilevile. Juzi alimwambia daktari wa macho kwamba miwani aliyompa inamwonyesha mambo ambayo hakuwa na haja ya kuyaona.

Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu, mtu wa kukutumia mistari miwili kwenye simu. Haya nimeshindwa kuyaandika kwa kidole gumba.

Bado niko palepale hospitali, chumba cha kumbukumbu, ubavuni mwa ghala la mashuka. Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu kwamba nayapa magonjwa majina ya utani. Si uongo sana. Daktari anaandika alichokiona, mimi nasoma, kisha naupa ugonjwa msimbo wake wa herufi na tarakimu. Misimbo haitaki maneno ya juujuu. Mfupa wa mguu ukifa kwa kukosa damu, huwezi kuandika “mguu unauma” ukaenda zako nyumbani. Lazima isemwe ni mfupa upi, kulia au kushoto, na umekufa kwa sababu gani: kuumia, dawa, au haijulikani. Daktari asiposema, mimi sina ruhusa ya kubuni. Namrudishia faili na swali.

Mwaka huu tunaingiza mafaili ya zamani kwenye kompyuta. Wiki tatu zilizopita nilivuta bahasha moja iliyoliwa na mende, nikakuta jina la Baba.

Nilikaa chini, Kaka. Nilimwona pale dirishani na cherehani yake, anakata uzi kwa meno huku Mama akimgombeza kuwa atabaki kibogoyo. Mimi na wewe sakafuni tukiokota pini kwa ile sumaku ya redio mbovu. Unakumbuka alivyokupima mlangoni kwa futi yake, akatangaza kuwa umeongezeka inchi moja na ubishi umeongezeka mbili? Na pumu yake ilipombana, alivyotoa vidonge kwenye kiberiti mfukoni, akameza bila maji?

Kisha nikaikumbuka nyumba baada ya yeye kuanguka. Cherehani ikikanyagwa kwa mguu mmoja. Wewe ukimbeba mgongoni kwenda bafuni, naye anakutania, “Dereva, polepole, abiria ni mzee.” Wewe hukucheka hata siku moja. Hakuna aliyekutukana, lakini kila jambo lilihesabiwa tangu siku ulipoiachia ngazi uliyokuwa umemshikia. Ulipomaliza shule ukaondoka, na siku ya mazishi ulisimama karibu na geti kama mpita njia.

Ndani ya faili mlikuwa na karatasi ya baada ya ajali: kichwa cha mfupa wa paja la kushoto kimekufa, sababu, kuanguka kutoka ngazini. Nyuma yake palikuwa na jibu la picha, limekunjwa mara nne, halijawahi kufungwa pamoja na mengine. Nyonga ileile, ugonjwa uleule. Tarehe ilikuwa ya wiki tano kabla Baba hajapanda ngazi ile kuziba bati. Alikwenda kupigwa picha kimyakimya, asirudi kuchukua jibu.

Kwetu hairuhusiwi kushika faili la ndugu yako, kwa hiyo nilimpa mkuu wangu, naye akalipeleka kwa daktari wa mifupa pamoja na swali. Mama akatia sahihi ya kuomba maelezo, tukaitwa. Daktari akazibandika picha mbili kwenye taa. Akatueleza kuwa mfupa ulikuwa unakufa siku nyingi, na kwamba vile vidonge vikali vya pumu, vikimezwa miaka mingi, vinaweza kufanya hivyo. Kuanguka kulimwongezea maumivu tu. Hata ngazi ingeshikwa na watu kumi, mguu ule ulikuwa unakwenda. Mama akamuuliza, “Kwa hiyo si mwanangu?” Daktari akasema, “Si mwanao, mama.” Akamuuliza tena, akajibiwa vilevile. Sasa sababu imeandikwa upya: dawa.

Ningeweza kuishia hapa, ukafurahi, nami nikaonekana mdogo mwema. Lakini kuna jambo ambalo halimo kwenye faili lolote.

Siku ile ulisema uliiacha ngazi kwa sababu Mama alikuita. Mama akaapa hakufungua mdomo. Basi juu ya uzembe wakakutwika na uongo. Kaka, hukusema uongo. Uliitwa. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, mtoto wa miaka tisa niliyeweza kuiga sauti ya Mama hata Baba mwenyewe akaitika. Uliniahidi kunishikia baiskeli nijifunze, na jua lilikuwa linashuka. Nikaliita jina lako kama anavyoliita yeye, nikiuvuta mwisho. Nikasikia hatua zako, kisha kishindo.

Nilinyamaza siku ile kwa hofu, mwaka ule kwa aibu, na miaka yote iliyofuata kwa mazoea tu.

Nilimwambia Mama Jumapili, tukikunja nguo. Shuka moja alilikunja na kulikunjua mara tatu. Mwishowe akasema kwamba mwongo alimzaa kweli, ila alikosea ni yupi. Kisha akalia sana, akaomba namba yako. Nikataka kukupigia mimi kwanza nikuandae, akakataa. Alisema nimeshamsemea vya kutosha.

Nimemwomba asubiri wiki mbili, uwe umeshaisoma barua hii. Sikuombi unisamehe upesi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mpaka uchoke, ni haki yako.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote uwakumbatie kwa niaba ya shangazi yao wasiyemjua vizuri. Simu itakayolia Jumapili mchana, tafadhali ipokee. Safari hii ukisikia Mama anakuita, ni yeye.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja.