Mashini Iliyomsingizia Mjomba

Kalemie, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Mgongo wako unaendeleaje? Na maharage ya huko Kirungu, mvua imeyaachia kitu? Mimi mwili mzima, ila moyo bado unanidunda. Nakuandikia haraka ili habari za ndugu yako usizisikie kwanza kwa watu wa sokoni, maana hao wakitia chumvi hawapimi.

Ndiyo, Mjomba alifukuzwa kazi. Keti kwanza, usome mpaka mwisho.

Unajua yeye ndiye mlinzi wa chumba cha baridi kwenye depo ya samaki hapa bandarini, nami ndiye niliyeandika programu inayochunga joto la chumba hicho. Zamani kukitokea hitilafu, kompyuta ilitoa Kiingereza na namba ambazo hakuna aliyezielewa, basi waliniita nije kuangalia. Patron, mwenye depo, akachoka kuniita, akataka maneno ya watu. Nikasaidiwa na akili bandia, ile mashini unayoiandikia swali nayo ikakujibu. Ilinipa Kiswahili kizuri, Mama, hata wewe ungekielewa. Tulifurahi wote, na Mjomba kutuzidi. Alikuwa akiyasoma maneno yale kwa sauti kama somo la misa.

Alhamisi asubuhi nilikuta depo imejaa watu. Mikebuka ya mama wachuuzi wanaotuwekea samaki wao imeanza kulegea, na kwenye kioo cha kompyuta imeandikwa: "Joto limepanda kwa sababu mlango uliachwa wazi." Patron aliisoma mbele ya wote. Mjomba alisema neno moja tu:

"Miye sikuacha mulango wazi."

Hakuna aliyemsikiliza. Nilipomtetea, patron alinigeukia.

"Mashini haina ndugu. Weye njo uko na ndugu."

Mjomba alifungua funguo kiunoni, akaziweka mezani, akaenda zake kwa miguu bila kuniangalia. Mtu ambaye nimelala kwake na kula kwake tangu nifike mji huu. Nilishtuka hata machozi yakakataa kutoka.

Nikaingia chumbani kuwasaidia kutoa samaki. Wale wa karibu na mlango walikuwa wagumu kama jiwe. Waliolegea ni wa nyuma kabisa, chini ya feni. Sasa, Mama, mlango ukiachwa wazi, si wa mlangoni ndio wangeanza? Nikamwita fundi wa frigo, yule wa mitambo ya baridi, akakuta waya wa feni umeungua.

Nikaiuliza ile akili bandia mlango iliutoa wapi, maana programu inapima joto tu, mlango haiuoni. Ikajibu kwa upole kwamba ilikisia, kwa kuwa mara nyingi huwa ni mlango, kisha ikaomba radhi. Ilikisia, Mama. Na sisi tuliamini kwa sababu ilisema vizuri. Zamani tulipokuwa hatuielewi, angalau tulikuwa tunaenda kuangalia.

Nikakaa nayo tena, nikaikataza kutaja isichokijua. Sasa inaandika: "Joto limepanda. Sababu haijulikani. Kagua mlango, feni na umeme." Patron alisimama mbele ya kioo, akasoma, akasoma tena, akaniuliza:

"Sasa apa mwenye kosa njo nani?"

Hakuwa anatania. Hilo limenishtua kuliko yote.

Jana Mjomba alirudishiwa funguo mbele ya watu wale wale, nilivyoomba mimi. Alizifunga tena kiunoni. Anafanya kazi, anakula, ila kioo kile hakisomi tena kwa sauti.

Msalimie Papa, umwambie asije huku na hasira zake, mambo yamekwisha. Msalimie kaka yangu anayelima nawe, na shangazi wa kule misheni Mpala ukimwona. Bibi mwambie bado nasali.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Georgette

Mjomba amekaa hapa kando yangu. Nilimwomba akusalimie, akachukua kalamu, na haya ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe:

Dada, mulango niliufunga.