Kigari cha Violet

Iringa

Mama Violet,

Mimi mzima, baridi tu. Ile dawa ya faiba ya kuundia bodi, iliyokuwa ikimkohoza mtoto, nimeitoa yote nyumbani. Bodi ya kigari chake cha pedeli nimeijenga kwa shuka kuukuu na gundi nyeupe ya mbao, matabaka saba, kila moja siku mbili kukauka. Haina harufu. Nimelala nayo chumbani wiki tatu, sijakohoa.

Hukunipa hata wiki, ukampeleka Chunya. Ila uliniomba mara nne niitoe, nikakujibu, "Mtazoea."

Kiti nilikipima kwa miguu ya miaka minne. Sasa ana sita. Mpime kwa uzi, kiunoni hadi kisiginoni, nikisogeze nyuma. Nitumie huo uzi, hata bila barua.

Baba Violet