Zimwi Lililoamkia

Jumamosi, Endagikot

Bado nalifikiria lile zimwi. Katika mchezo wetu wa mezani, wa dadu na kuigiza wahusika, mimi ndiye msimulizi: zimwi na wote wasio na mchezaji nawasemea mimi. Kanuni inasema anayekimbia na anayemfukuza wanasogea miraba sawa kila zamu. Ndiyo maana hakuna anayekamatwa, na watu wanapiga miayo.

Leo nikaweka mzee njiani, pambo tu. Mwalimu Paskalina, mzaliwa wa hapa, akamsimamisha mhusika wake, yule anayekimbia.

"Shikamoo, babu."

"Hiyo inakula zamu yako. Zimwi litakufikia."

"Sasa nimpite mzee kama ng'ombe?"

Iliniudhi kidogo. Mhusika huyo tunampenda wote. Nikatafuta kanuni ya kumwokoa, hakuna. Nikasogeza zimwi hadi mgongoni kwake, nikachukua dadu.

Paskalina akauliza taratibu, "Na lenyewe linampitaje mzee?"

Nikaweka dadu chini. Basi nikalifanya zimwi limwamkie mzee. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mzee, halafu, kama kawaida ya huku, nikaliuliza habari za kwao.

Hapo nikakwama, maana wa kujibu ni mimi. Miezi yote hii nalitumia kufukuza watu, sijawahi kujiuliza kama lina kwao.