Kabimba Haijibu

Jumatatu, 11 Machi 1963

Saa moja kamili nimezima friji, nimewasha foni, redio ya kuitana na maduka yetu mengine. Friji ikiwaka foni inanguruma, hausikii kitu. Patron, mwenye duka, hataki kuelewa. Anasema siagi inayeyuka. Iyeyuke.

Kabimba imesikika vizuri. Gaspari, karani wa duka letu la kule, ameagiza chumvi, sabuni na vitenge. Nimeandika yote. Halafu nimeuliza habari ya Leonia, haraka haraka, maana patron amekataza mambo ya nyumbani kwenye foni. Mke wangu mzima, tumbo limeshuka. Gaspari mwenyewe anasikia baridi mwilini.

Siku tisa sasa Leonia yuko kwa mama yake. Kwao mwanamke anazalia kwa mama. Nilikubali. Juzi munganga wa dispansari ya kule amempima, anasema mutoto amelala kwa upande. Uchungu ukianza tu aletwe hospitali ya hapa ziwani, kwa bwato ya patron, wasingoje. Barabara imekatika kwa mvua. Yaani watu wangu wawili wanategemea waya mmoja juu ya paa la magazini, hapa dukani. Mimi ni mjinga kukubali.

Jumanne, 12 Machi

Radi toka alfajiri. Ziwa jeusi. Foni ni kelele tupu, kama ndagala, samaki wadogo, wakikaangwa kwenye mafuta. Nimepata "alo" ya Gaspari, sauti nyembamba ya mgonjwa. Halafu "homa". Halafu jina la Leonia. Halafu radi.

Leonia amefanya nini?

Saa sita nimejaribu tena. Bure. Mchana nimempimia mteja kitambaa mita tatu, akaniambia hizi ni mbili na nusu, Papa. Alikuwa na haki. Mama Sofia, anayeuza vitenge pamoja nami, amenitoa kwenye meza na kupima yeye.

Jumatano, 13 Machi

Anga safi. Kabimba haijibu.

Niemba, duka letu lingine, wananipata vizuri, nami nawapata. Kumbe ubaya si kwangu. Hata hivyo nimepanda paa na kukaza waya wa antena. Nimebadilisha batri. Nimeita mara ishirini. Patron amenikuta juu ya paa, wateja wanangoja chini. Amenitukana kwa Kifaransa, kisha kwa lugha yake. 

Saa sita, kimya vilevile. Kimya si neno lenyewe. Ni kelele ileile, shhh, bila mtu ndani yake.

Ninaogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema dukani. Mutoto wetu wa kwanza alikufa siku aliyozaliwa. Leonia hakulia mbele yangu. Siwezi tena.

Alhamisi, 14 Machi

Nitaandika kwa mpango, nisichanganye.

Saa moja nimeita. Mara kelele ikakatika, safi kabisa. Sisi wa foni tunajua: mwenzako akibonyeza kitufe, kelele inanyamaza hata kabla hajasema. Kwa hiyo muntu yuko Kabimba, amebonyeza. Nikangoja. Hakuna sauti. Ameachia, kelele ikarudi. Amebonyeza tena. Hakuna sauti.

Nikajua mikro yake ya kusemea imekufa. Nikapiga kelele: "Gaspari, gonga mikro! Pulizia!" Hakuna. Hasira ikanipanda. Nikasema maneno. Nikasema, wewe mupumbavu, fungua mdomo, mke wangu yuko huko. Kelele ikarudi na haikukatika tena. Kati ya saa moja na saa sita Kabimba wanazima, kuokoa batri.

Mama Sofia akafika saa mbili, akanikuta nimekaa chini na bisibisi mkononi. Nikamweleza. Akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya taratibu, ndivyo anavyofanya akifikiri.

"Gaspari akiwa kitandani," akasema, "ufunguo wa duka atamuachia nani pale Kabimba?"

Nikasema Gaspari hamuamini muntu. Labda mama ya Leonia, wanasali pamoja.

"Basi huyo anayebonyeza njo mukwe wako, Papa. Wewe unamuitia sikioni, unataka akujibu namna gani?"

Kwetu na kwao sheria ni moja: mwanaume na mama ya mke wake hawatazamani, hawasemeshani. Miaka minne ya ndoa, sijasikia sauti yake. Nikienda kwake anakaa nyuma ya ukuta, na neno linapita kwa muntu wa tatu. Sasa nimemuita mupumbavu. Mukwe wangu. Kwenye foni, na Niemba wanasikia.

Lakini aibu hiyo ni kitu kidogo. Mwanamke yule hawezi kugusa foni kwa mchezo. Kama amekuja, uchungu umeanza. Nikahesabu masaa mpaka saa sita. Sijui niliuza nini asubuhi hiyo.

Saa sita nimempa Mama Sofia mikro, nimemwonyesha kitufe, nimeenda kujificha nyuma ya magunia ya chumvi. Kelele ikakatika. Mama Sofia akasalimu. Jambo Mama, habari ya kulala, habari ya nyumba, habari ya mashamba. Nikauma mkono wangu. Bila salamu mukwe asingesema, najua. Halafu sauti ikatoka, ya chini, imara, bila haraka.

"Mwambie mume wa Leonia, uchungu umemshika toka alfajiri. Gaspari anatetemeka, hawezi kusimama. Walete bwato."

Patron akasema bwato ni ya mizigo, inaondoka kesho. Mama Sofia akamwambia sawa, basi wanawake wa mji huu watajua kwa nini, na vitenge wataenda kununua pengine. Bwato imeondoka kabla ya saa saba.

Mimi sikupanda. Bwato ni ndogo, wakati wa kurudi mukwe atakuwa ndani, nitageukia wapi? Nimebaki. Mama Sofia amesema nimefanya vizuri. Sioni uzuri wowote.

Ijumaa, 15 Machi

Bandarini toka kabla ya jua. Bwato imefika saa moja na nusu. Sikuwasha foni. Leonia amelala juu ya maturubai, uso wa majivu, macho wazi. Amenitazama. Mama yake alikuwa amemshika kichwa. Nikageuza uso, naye akajifunika kitenge.

Wamempasua. Saa tano dokta ametoka. Mama mzima. Mutoto mzima, wa kike. Mguu wa kushoto wa mutoto umevimba, atapona.

Nimelia nyuma ya hospitali, penye mapipa. Nikanawa, nikarudi kazini. Friji ilikuwa inawaka.

Jumapili, 17 Machi

Nimetoka misa, nimeenda hospitali. Leonia amelala usingizi. Mukwe alikaa kwenye benchi ya korido, mutoto mikononi. Nilitaka kurudi nyuma, akanisikia. Akajifunika, akanipa mgongo. Nami nikakaa mwisho mwingine wa benchi, nikampa mgongo wangu. Hapakuwa na muntu wa tatu wa kutupitishia neno. Mama Sofia yuko kanisani kwao. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, hayakuwa na njia.

Halafu nikamsikia akisema, polepole, kwa mutoto:

"Mwambie baba yako amekonda. Aende akale."

Nikatazama ukuta. Nikamwambia mutoto amwambie bibi yake nimesikia, na kwamba maneno ya Alhamisi yananiuma.

Mukwe akakohoa kidogo.

"Mwambie baba yako kulikuwa na kelele nyingi," akasema. "Sikupata kitu."

Nikaenda nyumbani, nikala.